Mganga wa mapenzi chini ya makala ya mahindi

Tuseme kuna blogu ya kilimo yenye makala ya mwaka 2017 kuhusu viwavijeshi vamizi, wakati wadudu hao walipokuwa wakitafuna mahindi ya Afrika Mashariki. Makala yenyewe ni nzuri: ina picha ya kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, inaeleza namna ya kukagua shamba na wakati wa kupulizia dawa. Mwandishi ameshahamia mambo mengine, lakini kila msimu wa mvua Google inaileta juu, na sehemu kubwa ya fedha za matangazo ya blogu nzima inatoka kwenye ukurasa huo mmoja. Sasa shuka chini ya makala. Maoni tisa ya kwanza ni ya wakulima. Kuanzia la kumi yupo mganga anayerudisha mume ndani ya saa 48, mama aliyepewa mkopo wa riba ya asilimia 2 na mfadhili wa ng'ambo, mwaliko wa kujiunga na Freemason, na "Great post!" ambayo jina la mwandikaji wake ukilibofya linafungua tovuti ya kamari.

Wenye blogu wengi hufagia maoni ya makala ya wiki hii na kusahau ya miaka iliyopita. Lakini roboti za kutuma maoni taka hazifuati kalenda ya mwandishi. Hutafuta kurasa zilezile zinazoonekana kwenye Google, kwa sababu ndizo zenye thamani. Matokeo yake, ukurasa unaokuletea wageni wengi ndio unaobeba taka nyingi, na ndio unaouangalia mara chache.

Biashara hii si ya jana. Google ilipoanza mwaka 1998, wazo la Larry Page na Sergey Brin lilikuwa kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kihesabiwe kama kura. Penye kura hapakosekani wanunuzi wa kura, na sanduku la maoni la blogu likawa kituo cha kupigia kura kisicho na wakala wala askari. Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zilikubaliana kuhusu alama ya nofollow: kiungo chenye alama hiyo ni kura iliyoharibika. WordPress, programu inayoendesha blogu nyingi, ikaanza kuibandika yenyewe kwenye viungo vya maoni mwaka huohuo. Septemba 2019 Google ikaongeza alama ya ugc kwa maudhui ya wasomaji, na ikasema kwamba kuanzia hapo alama hizi itazichukulia kama dokezo, si amri. Toleo la WordPress 5.3 la Novemba mwaka huo likafuata, ndiyo maana leo ukitazama msimbo wa ukurasa utakuta maneno nofollow na ugc kwenye kiungo cha jina la mtoa maoni.

Kama kura zimeharibika, mbona wapigaji hawajakata tamaa? Kwanza kwa sababu kutuma maoni laki moja hakugharimu kitu cha maana, na roboti haihangaiki kujua kama kiungo kimehesabiwa. Sababu ya pili ndiyo inayotugusa zaidi sisi tunaoandika Kiswahili. Mganga na mkopeshaji hewa hawamwandikii Google. Wanamwandikia binadamu aliyekwama, na wanachotaka ni apige simu. Maoni yao hayana kiungo hata kimoja, yana namba ya WhatsApp na anwani ya barua pepe tu. Nofollow haiwagusi, na kichujio kinachohesabu viungo kinawapitisha huku kikiwapungia mkono.

Pesa ndiyo huumia kwanza

Sera ya AdSense, mpango wa Google wa kuweka matangazo kwenye tovuti za watu, haina mafumbo: mchapishaji anawajibika kwa kila kitu kilicho kwenye ukurasa wenye msimbo wa matangazo, maoni ya wasomaji yakiwemo. Kusema "hayo si maneno yangu" si utetezi. Ila adhabu zina ngazi, na watu huzichanganya.

Ngazi ya chini ni maudhui yenye vizuizi: kamari, tumbaku, pombe, dawa za kuandikiwa na daktari, dawa na virutubisho visivyoidhinishwa. Dawa za nguvu za kiume zimo humo humo. Hapa ukurasa hauhesabiwi kuwa umevunja sera. Kinachotokea ni kwamba nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada kila ukurasa unapofunguliwa, na watangazaji wengi hawakubali kushiriki mnada wa kurasa za namna hiyo. Wanunuzi wakipungua chumbani, bei inashuka. Dalili yake ni hii: wageni wa ukurasa ni walewale, ila mapato kwa kila kurasa 1,000 zilizofunguliwa yanasinyaa. Mwenye blogu analaumu msimu au uchumi, wala haimpitii akilini kushuka hadi kwenye maoni.

Ngazi ya juu ni uvunjaji wa sera wenyewe, kama picha na maelezo ya ngono ya wazi, programu hasidi, ulaghai au biashara haramu. Hapo ukurasa unatokea kwenye Kituo cha Sera ndani ya akaunti, na matangazo yake yanazimwa. Kurasa zikiwa nyingi, adhabu inaweza kupanda ikafika tovuti nzima. Kwa blogu ndogo inayohesabu miezi hadi kufikisha dola 100 za kulipwa, kuzimiwa ukurasa mmoja unaobeba nusu ya mapato ni sawa na kufungiwa duka.

Tatizo jingine watu hawalihesabu kama taka, kwa kuwa limeandikwa na marafiki. Ni yale maoni ya "nimepita kwako nikabofya matangazo mawili, nawe pita kwangu." Kwenye makundi ya wanablogu wadogo hili linaonekana ni ushirika, kama mchezo wa kupeana zamu. Kwa Google ni mibofyo batili, na kuwatia watu moyo wabofye matangazo kumekatazwa waziwazi. Maneno hayo yakibaki chini ya makala yako ni ushahidi ulioutundika mwenyewe. Hata kama ombi hukulijibu, lifute. Mibofyo yenyewe ikitokea, akaunti inaweza kupunguziwa matangazo kwa muda, au kufungwa kabisa. Kwa maoni yangu, haya ni hatari kuliko taka za kamari zinazoandikwa kwa Kirusi, kwa kuwa hakuna kichujio kitakachoyakamata: ni Kiswahili safi, kimeandikwa na mtu halisi, na kimetumwa kutoka Mwanza.

Kwa upande mwingine, roboti za maoni hazihusiki sana na mibofyo batili. Roboti ya kawaida haifungui ukurasa kama msomaji. Inatupa ujumbe moja kwa moja kwenye faili la wp-comments-post.php na kuondoka, kwa hiyo tangazo halionyeshwi wala halibofywi. Ukiona takwimu za matangazo zimechafuka, tafuta chanzo kingine.

Pia kuna kitambazi cha AdSense kinachojiita Mediapartners-Google. Kazi yake ni kusoma ukurasa ili matangazo yalingane na mada. Kinasoma maandishi yote, hakiishii pale ulipoweka nukta ya mwisho. Makala ya maneno 800 kuhusu mahindi ikifuatwa na maneno 3,000 ya mikopo na mapenzi, sehemu kubwa ya ukurasa huo haihusu kilimo tena. Muuza mbegu aliyetaka wakulima anakosekana. Na kama matangazo unauza mwenyewe, bila Google, mambo ni mafupi zaidi: meneja wa kampuni ya mbolea atafungua ukurasa kwa simu yake, atashuka hadi chini, na hatakwambia kwa nini mkataba haukuendelea.

Nafasi kwenye utafutaji

Wanaouza huduma za kupandisha tovuti hupenda kutisha watu kwamba kiungo kimoja cha kamari kwenye maoni kitaizamisha blogu. Si kweli. Penguin, badiliko kubwa la Google la Aprili 2012, lilimlenga hasa anayefaidika na viungo bandia, si anayepachikwa. Tangu Septemba 2016, lilipoingizwa kwenye mfumo mkuu, kazi yake kubwa ni kuvipuuza viungo hivyo. Kiungo kimoja chenye nofollow hakitakuua.

Madhara huja kwa njia nyingine. Ya wazi kuliko zote ni adhabu ya mkono, yaani mtu ndani ya Google amekagua na kuamua. Moja ya adhabu hizo inahusu taka zilizoachwa na watumiaji, na inampata mwenye nyumba, si mtupaji. Inaweza kugusa kurasa chache au tovuti nzima. Taarifa yake iko ndani ya Search Console, zana ya bure ambayo Google huwapa wenye tovuti, kwenye ukurasa wa hatua za mkono. Kama blogu yako hujaisajili humo, ujumbe utafika mahali usipopafungua kamwe.

Ya kimyakimya ni kupotea kwa mada. Ili kuipima, fungua ripoti ya utendaji kwenye Search Console, chuja kwa anwani ya makala moja, kisha soma maneno ambayo watu waliyaandika hadi ukurasa wako ukaonyeshwa. Makala ya viwavijeshi iliyo na afya itakuwa na "dawa ya viwavijeshi", "wadudu wa mahindi", "kiwavi kwenye moyo wa mhindi". Ukianza kuona majina ya vidonge, kasino, au "namba ya mganga", ujue Google imeshaanza kuuelewa ukurasa vibaya. Jaribio jingine la haraka ni kuandika kwenye Google site:blogu-yako.co.tz casino, kisha kurudia kwa loan, viagra, mganga na freemason. Yakitokea majibu kwenye kurasa ambazo hujawahi kuziandika kabisa, hilo si suala la maoni: tovuti imedukuliwa, na dawa yake ni nyingine.

Halafu kuna uzito. Maoni 1,500 kwenye ukurasa mmoja, kila moja na picha yake ndogo ya Gravatar, yanaufanya ukurasa uwe mzigo kwa simu ya bei nafuu na kwa kifurushi cha MB 100. Ukiyagawa kwa kurasa, WordPress inazalisha anwani zinazoishia na comment-page-2, comment-page-3 na kuendelea, kila moja ikirudia makala ileile juu. Anwani za ?replytocom=, zinazotokana na kiungo cha kujibu maoni, huongeza rundo hilo kwenye baadhi ya mandhari (miundo ya mwonekano wa blogu) za zamani. Vitambazi vinashinda humo vikihesabu nakala za kitu kimoja.

Tanzania jambo hili limewahi kuvuka mipaka ya Google pia. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu aondoe maudhui yaliyokatazwa ndani ya saa 12 baada ya kuarifiwa, bila kujali nani aliyaandika.

Kusafisha

Chukua nakala rudufu ya hifadhidata kwanza, kwa sababu utafuta vitu vingi kwa mkupuo. Kisha usianze na maoni mapya. Toa kutoka Search Console orodha ya kurasa 20 zinazoleta wageni wengi, na usafishe hizo kwa mkono, moja baada ya nyingine, ukisoma. Kazi hii haifai kuachiwa programu, maana hapa ndipo walipo wale wakulima tisa. Angalia na sehemu ya jina: maoni mengi yanayosema "asante kwa somo zuri" hayana kosa lolote ila kiungo kilichojificha kwenye jina.

Kurasa nyingine zinaweza kwenda kwa mafungu. Kwenye orodha ya maoni ya WordPress, chaguo za skrini zinakuruhusu kuonyesha hadi 999 kwa wakati mmoja badala ya 20. Seva yenye nguvu ndogo inaweza kukwama kwa idadi hiyo, hivyo 200 ni salama zaidi. Mwenye njia ya kuingia kwenye seva anaweza kutumia WP-CLI, zana ya kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi:

wp comment delete $(wp comment list --status=spam --format=ids) --force

Kumbuka kwamba WordPress yenyewe haifuti folda ya spamu. Pipa la kawaida hujimwaga baada ya siku 30, lakini maoni yaliyowekwa alama ya spamu hukaa hapo milele mpaka uyafute, na majedwali ya wp_comments na wp_commentmeta yanazidi kunenepa. Akismet, plagini (programu ya kuiongezea WordPress uwezo) ya kuchuja taka, huyafuta yake baada ya siku 15.

Sasa mlango. Kwenye mipangilio ya majadiliano, washa kufunga maoni kwa makala zilizopita siku kadhaa. WordPress inapendekeza 14. Kwa blogu ya kilimo ningeweka 60 au 90, kwa sababu maswali ya wakulima hufuata msimu. Mpangilio huu, uzuri wake, unazigusa makala zote za zamani. Ule wa kuzima pingback na trackback, yaani taarifa kutoka tovuti nyingine kwamba imekuwekea kiungo, haufanyi hivyo: unahusu makala mpya tu, na watu huuzima wakashangaa mbona taka zinaendelea kuingia. Ukiutegemea huo peke yake, kwa za zamani lazima uende kwenye orodha ya makala, uzichague zote, uchague kuhariri kwa pamoja, kisha uweke "usiruhusu" kwenye ping.

Idadi ya viungo inayopeleka maoni kwenye foleni ya kusubiri idhini yako ni 2 kwa kawaida. Ishushe iwe 1. Washa pia sharti kwamba mtoa maoni awe na maoni yaliyowahi kuidhinishwa, ingawa wajanja hulizunguka: leo anaandika "kazi nzuri kaka," unamwidhinisha, kesho anamwaga kasino. Dawa ni kutomwidhinisha mtu asiyetaja chochote kilichomo kwenye makala.

Kwa mganga na mkopeshaji tumia orodha ya maneno. WordPress ina mbili: ya kupeleka foleni na ya kutupa moja kwa moja. Karibu kila kitu kiende kwenye ya kwanza, kwa sababu orodha hizi hulinganisha hata katikati ya neno. Ukizuia "dawa" umezuia "dawati" na DAWASA, na kwenye blogu ya kilimo umezuia kila mtu. Ukizuia "cialis" umemzuia kila anayeandika "specialist". Maneno yanayofanya kazi ni yale ya mwisho wa ujumbe: whatsapp, wa.me, spell caster, illuminati, na tarakimu za mwanzo za namba zinazojirudia. Mkulima anayeacha namba yake halali atasubiri saa chache kwenye foleni, basi.

Ondoa kisanduku cha tovuti kwenye fomu. Msomaji wa kawaida hana tovuti, na kisanduku hicho ni chambo. Lakini kukificha kwa CSS au kwa unset($fields['url']) hakutoshi, maana roboti haioni fomu, inatuma sehemu ya url hivyo hivyo. Inabidi kuitupa upande wa seva pia, kwenye kichujio cha preprocess_comment, kabla maoni hayajaandikwa.

Kuhusu plagini: Akismet ipo tangu 2005 na inafanya kazi vizuri, ila mpango wake wa bure ni wa blogu zisizo za biashara, na blogu yenye matangazo inahesabiwa kuwa ya biashara. Wengi wanalipita hili bila kulisoma. Antispam Bee ni ya bure, na hutumia mtego wa kisanduku kisichoonekana: binadamu hakioni, roboti inakijaza na kujinasa. Mitego inayopima muda, kwa mfano kukataa fomu iliyojazwa ndani ya sekunde 3, hugombana na kashe, yaani nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili zifunguke haraka. Ukurasa uliohifadhiwa tangu jana unabeba saa ya jana, kwa hiyo roboti inayojaza kwa sekunde moja inaonekana imetumia siku nzima, na inapita. Kama unatumia kashe, jaribu fomu ukiwa umetoka kwenye akaunti yako, si ukiwa umeingia.

Usihangaike na kuzuia anwani za IP. Roboti hubadilisha anwani kama nguo. Mbaya zaidi, kampuni zetu za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja, kwa hiyo ukifunga moja unaweza kumfungia nje msomaji wa Morogoro ambaye hakuandika hata nukta.

Blogger ni rahisi zaidi: kwenye mipangilio ya maoni, ruhusu wenye akaunti za Google tu, na uchague uhakiki wa "wakati mwingine" wenye idadi ya siku. Maoni ya makala za zamani yataenda foleni, ya makala mpya yatapita.

Baada ya kusafisha, futa kashe ya plagini na ya mtandao wa usambazaji kama Cloudflare kabla ya kuomba uhakiki wowote. Hapa ndipo maombi mengi hukwama: mwenye blogu anaona ukurasa safi kwa kuwa ameingia kwenye akaunti, mkaguzi anaona nakala ya wiki iliyopita yenye mganga akiwa bado kazini. Fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha, kwenye simu, ushuke hadi mwisho. Ndipo uombe uhakiki kwenye Kituo cha Sera cha AdSense, na kama kuna adhabu ya mkono, tuma ombi la kufikiriwa upya kupitia Search Console ukieleza ulichofuta na mlango gani umeufunga. Jibu linaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa, na kutuma ombi la pili katikati hakuharakishi kitu.

Kuna wanaochoka wakaondoa sehemu ya maoni blogu nzima, ya zamani na mapya. Inaeleweka, lakini kwa Kiswahili ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana. Mwandishi alisema "viwavijeshi vamizi" kwa sababu ndivyo wataalamu wasemavyo. Wale wakulima tisa waliandika "funza wa mahindi", "mdudu anayekula moyo wa mhindi", "yule kiwavi mwenye Y". Ndiyo maneno ambayo mkulima wa kumi atayaandika kwenye simu yake mvua zikianza, na yako kwenye ukurasa huo kwa sababu kuna mtu aliuliza swali chini ya makala. Funga mlango wa makala ya zamani, lakini hayo tisa yaache yalipo.